IDI MAANA YAKE KURUDI: JE, SISI TUNARUDI KWA NANI?



Shukrani zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu wazazi, na wanafunzi wetu wapenzi. Kila mwaka Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, soko la Kimironko hujaa watu. Sisi wakazi wa Kibagabaga halituko mbali, na ukipita huko utakutana na nusu ya watoto wa madrasa wakivutwa mkono kutoka duka hadi duka, huyu anajaribu viatu, yule analilia kanzu ya rangi aliyoiona kwa mwenzake. Muulize mmoja wao anakwenda wapi, atakujibu bila kusita: "Nakwenda kununua Idi."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Hatumlaumu mtoto, kwani amesema alichokiona kwa macho yake. Lakini kama Idi ni kitu kinachonunuliwa, basi asiye na pesa hana Idi. Yatima hana Idi. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini hana Idi. Mjane aliyemaliza akiba yake kwa kodi ya nyumba hana Idi. Na dini yetu haikusema hivyo, wala neno lenyewe halisemi hivyo. Kwa hiyo tuanze na neno.

NENO LIMETOKA WAPI?

Idi ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni herufi tatu: ain, waw na dal. Mzizi huu unabeba maana ya kurudi. Mwarabu akisema "aada" anakusudia kuwa fulani amerudi. Ibnul A'rabi, mwanachuoni wa lugha aliyefariki mwaka 231 Hijria, alieleza kwamba Idi imeitwa kwa jina hili kwa sababu inarudi kila mwaka pamoja na furaha mpya. Maelezo yake yamehifadhiwa na Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 711 Hijria, katika kamusi yake kubwa iitwayo Lisaanul Arab. Wapo pia waliosema linatokana na maana ya mazoea, yaani siku ambayo watu wameizoea. Kauli hizi mbili hazigombani, maana mazoea ni nini kama si jambo ambalo mtu hulirudia mara kwa mara?

Ndani ya Qur'ani tukufu neno hili limekuja mara moja tu, katika Suratul Maida aya ya 114. Hapo Nabii Isa bin Maryam (A.S.) anamuomba Mola wake ateremshe meza ya chakula kutoka mbinguni, ili iwe Idi kwa watu wake, wa mwanzo wao na wa mwisho wao. Zingatieni jambo hili. Aliyekuwepo siku ile na atakayekuja baada ya vizazi vingi wote wameingizwa katika neno moja.

NDUGU ZA NENO IDI

Wanafunzi wetu hupenda kuona jinsi maneno yanavyozaana, basi tuwatajie ndugu watatu wa Idi.

Wa kwanza tunaye katika Kiswahili chetu kila siku: ni "ada". Kwa Kiarabu ni mazoea au desturi, jambo ambalo watu hulirejea. Kwetu sisi ada ni mila, na pia ni malipo yanayotolewa kwa desturi, kama ada ya shule. Mzazi asikie vizuri: Idi na ada ni watoto wa mzizi mmoja, lakini mara nyingi ya kwanza inakula fedha za ya pili! Tunafurahi siku moja kwa nguo mpya, kisha muhula unafunguliwa na mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ada haijalipwa.

Wa pili ni "udi", tunaofukiza nyumbani asubuhi ya Idi. Kwa asili ni mti au kijiti, na herufi zake ni zilezile ain, waw na dal. Kwa kanuni, wingi wa Idi ungetakiwa uwe "a'waad", lakini huo ni wingi wa vijiti. Wanalugha wakaeleza kuwa Waarabu walisema "a'yaad" ili siku zao za furaha zisichanganywe na kuni.

Wa tatu ndiye tunayetaka akae moyoni. Kumtembelea mgonjwa kwa Kiarabu huitwa "iyaada", na ni mzizi uleule. Anayemjulia hali mgonjwa haendi mara moja akapotea, bali huenda akarudi, akarudi tena. Kwa hiyo siku ya furaha na mlango wa mgonjwa vimetoka katika mzizi mmoja.

Lakini tahadhari, si kila yanayofanana ni ndugu. "Miadi" imetoka katika mzizi wa kuahidi. "Idadi", na "eda" ya mwanamke, zimetoka katika mzizi wa kuhesabu. Mwanafunzi asikimbilie sauti ya neno kabla ya kutazama herufi zake.

SIKUKUU NA UMUNSI MUKURU

Watu wa pwani hawakutosheka na neno Idi peke yake. Waliipa siku hii jina la lugha yao wenyewe: sikukuu, yaani siku iliyo kuu. Huko Zanzibar hadi leo mtu akisema "sikukuu" bila kuongeza neno, wengi wataelewa Idi, na watoto huimiminikia viwanja vya Mnazi Mmoja nyakati za jioni. Waswahili waliithamini siku hii kiasi cha kuhesabia nayo miezi. Mwezi wa Shawwal kwao ni Mfunguo Mosi, kwa kuwa ndio mwezi wa kwanza baada ya kufungua saumu, na Dhul Hijja, mwezi wa Idi ya kuchinja, ni Mfunguo Tatu.

Hapa Rwanda Uislamu uliingia pamoja na wafanyabiashara na askari waliozungumza Kiswahili, zama za utawala wa Wajerumani, na msikiti wa kwanza wa Kigali ulijengwa Nyamirambo mwaka 1913. Kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwa lugha ya Waislamu wa Biryogo na Nyamirambo, kabla hakijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Neno letu likaingia katika Kinyarwanda, na majirani zetu husema "Ilayidi". Na ajabu nzuri ni kwamba Kinyarwanda nacho kina jina lililojengwa sawasawa na sikukuu: "umunsi mukuru". Siku ni umunsi, kuu ni mukuru. Lugha mbili za ukoo mmoja zimeitazama siku ya furaha kwa jicho moja.

Sasa tazameni tofauti. Sikukuu inatuambia kuwa siku hii ni kubwa. Idi inatuambia kuwa siku hii inarudi. Yote mawili ni kweli. Maoni yetu ni kwamba tumelishika neno la kwanza kwa mikono miwili na la pili tumeliachia lianguke. Tunashindana katika ukubwa: sahani kubwa, mbuzi mkubwa, spika kubwa. Katika kurudi hatushindani. Ndugu waliokosana Idi iliyopita wanasalimiana kwa mbali Idi hii. Jirani tuliyempelekea pilau mwaka jana tukamwahidi kumtembelea, mwaka mzima umepita hatujagonga mlango wake.

IDI YA MTUME (S.A.W.) ILIKUWAJE?

Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza tangu zama za ujahiliya, akawaeleza kuwa Allah amewabadilishia kwa siku mbili bora zaidi, Idi ya Fitri na Idi ya Adh-ha. Hakuwanyima furaha, aliwapa iliyo bora. Ni haramu kufunga siku ya Idi. Wasichana wawili waliimba nyumbani kwa Mama Aisha (R.A.) siku ya Idi, Abubakar (R.A.) akakemea, Mtume (S.A.W.) akamwambia awaache kwa kuwa ni Idi. Na Wahabeshi, watu waliotoka upande wetu huu wa Afrika, walicheza kwa mikuki msikitini naye akiwatazama. Anayefikiri kuwa uchamungu ni kununa siku ya Idi hajaifahamu Sunna.

Lakini angalieni jambo jingine, ambalo Bukhari amelipokea kutoka kwa Jabir (R.A.). Siku ya Idi Mtume (S.A.W.) alikuwa akienda kuswali kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine. Wanazuoni wametaja hekima nyingi, na miongoni mwake ni kuwa awasalimie watu wa njia zote mbili na wote wapate baraka ya kupitiwa naye. Katika siku ambayo jina lake ni kurudi, tumefundishwa mpaka namna ya kurudi nyumbani.

Na vipi kuhusu mavazi? Ummu Atiyya (R.A.) amesimulia kuwa waliamrishwa kuwatoa wanawake wote kwenda kwenye Idi, hata walio katika hedhi, ambao hukaa kando ya mahali pa kuswalia na kushuhudia kheri na dua. Akauliza: na yule asiye na jilbabu? Mtume (S.A.W.) akajibu kuwa mwenzake amvishe katika jilbabu yake. Subhanallah! Hakumwambia abaki nyumbani kwa kuwa hana nguo. Hakumwambia akakope. Nguo iliyokosekana aliifanya kuwa jukumu la jirani mwenye nazo. Kujipamba siku ya Idi ni jambo jema, nasi hatumzuii mzazi mwenye uwezo kumvisha mwanawe. Tunalolipinga ni deni linaloingizwa ndani ya nyumba kwa jina la Idi, kisha likabaki hapo miezi mitatu baada ya pilau kuliwa.

IDI INAPORUDI NA HUZUNI

Hapa tunafika mahali ambapo sisi wa Rwanda tuna la kujifunza kuliko wengine. Al-Az-hari, mwanachuoni wa lugha aliyefariki mwaka 370 Hijria, alieleza kuwa Idi kwa Waarabu ni wakati ambao furaha na huzuni hurudi. Ndiyo, na huzuni pia. Katika lugha yao ya zamani hata shauku au majonzi yanayomrudia mtu mara kwa mara yaliweza kuitwa Idi. Baadaye Uislamu ukaifanya siku hiyo kuwa ya furaha na shukrani, lakini mzizi wa neno haukumsahau mwenye majonzi.

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa sababu hiyo Idi huzunguka majira yote, na katika miaka 33 hivi hurejea pale ilipokuwa. Mwaka 1994 Idi ya kuchinja iliangukia mwezi wa Mei, wakati Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yakiendelea. Wapo waliokuwa mafichoni siku hiyo. Wapo ambao Idi ya Fitri ya mwezi Machi mwaka huo ndiyo ilikuwa ya mwisho kukaa na wazazi wao kwenye mkeka mmoja. Idi ile imezunguka masika na kiangazi, na kwa hesabu ya falaki Idi za kuchinja za mwaka 2026 na 2027 zinaangukia tena mwezi wa Mei.

Mwaka 2024 tuliliona jambo hili waziwazi. Idi ya Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili, ndani ya juma la maombolezo linaloanza tarehe 7 Aprili, na mwaka huo ulikuwa wa kumbukumbu ya miaka 30. Baadhi ya vijana walituuliza: Ustadhi, tufurahi au tuhuzunike? Wengine waliona kana kwamba Idi yao imeharibika, kwa kuwa hakuna muziki wala shamrashamra.

Jibu letu lilikuwa, na bado ni hili: Idi haikuharibika hata kidogo. Tulileta takbira, tukatoa Zaka ya Fitri, tukaswali, tukala na wala hatukufunga. Vyote alivyotuwekea Allah (S.W.) siku ile vilikuwepo. Kilichopungua ni kelele, na kelele hazikuwa sehemu ya Idi tangu mwanzo. Kisha tukapata nafasi ya kukaa na wale ambao mwezi wa Aprili huwarudia kwa uzito, tukawasikiliza. Siku hiyo neno lilikuwa kamili kama wanalugha walivyolieleza, furaha na huzuni zimerudi pamoja, na mja akamshukuru Mola wake katika hali zote mbili.

Kabla ya hapo, tarehe 24 Mei 2020, Idi ilitukuta misikiti imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Tuliswali majumbani, baba mbele, mama na watoto nyuma. Hakuna aliyesema Idi haikuja.

KUNA WATAKAOSEMA

Huenda msomaji akasema: mambo ya mizizi ya maneno ni ya wanazuoni, sisi tuachieni furaha yetu ya siku moja, maana watoto wetu hawana furaha nyingi. Tunaiheshimu hoja hii, na aliyeishi maisha ya dhiki anaijua uzito wake. Lakini tunauliza: mtoto atakumbuka nini akiwa mtu mzima? Viatu vitambana kabla ya Idi ijayo. Atakachokumbuka ni nyumba alizopelekwa, mikono aliyoibusu, shangazi aliyempa sarafu ya mkono wa Idi na kumwita kwa jina lake. Tukimlea ajue kuwa Idi ni kununua, siku atakapokosa kazi atajificha ndani asubuhi ya Idi. Tukimlea ajue kuwa Idi ni kurudi, hata akiwa hana senti ana pa kwenda.

BASI TUFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo matano kwa kila familia, na kila moja limo ndani ya uwezo wa maskini na tajiri.

1. Kabla ya kwenda sokoni, familia ikae na kutaja majina. Ni nani ambaye hatujarudi kwake tangu Idi iliyopita? Majina hayo yaandikwe kwanza, orodha ya vitu ifuate.

2. Zaka ya Fitri itoke kabla ya swala, kama ilivyo katika Sunna. Mtoto apewe aibebe kwa mikono yake, tena afundishwe kumpa mpokeaji kwa adabu. Na mwenye nguo zilizozidi akumbuke hadithi ya jilbabu.

3. Tukitoka kuswali, turudi kwa njia nyingine. Wanaopanda basi kwenda uwanja wa Nyamirambo, unaoitwa sasa Kigali Pelé, wanaweza kuteremka mapema na kupita kwa ndugu kabla ya kufika nyumbani. Njia ya kurudi iwe ya salamu.

4. Sisi wa Kibagabaga tuna hospitali katikati ya mtaa wetu. Wamo ndani yake mama waliojifungua na wagonjwa waliotoka mbali ambao siku hiyo hawana wa kuwaletea hata uji. Vijana wa madrasa wajipange, wafuate saa na taratibu za hospitali, waende kwa Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Wakiulizwa wamekuja kufanya nini, waseme wamekuja kwa iyaada, nduguye Idi.

5. Turudi baada ya siku yenyewe. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kufunga siku sita za Shawwal baada ya Ramadhani. Ibada haikuisha, basi na udugu usiishe. Ulipokula pilau siku ya Idi, rudi wiki inayofuata mikono mitupu ukajulie hali tu.

Na kwa wanafunzi wetu tuna kazi ndogo. Idi ijayo, mwenzako akikwambia "Idi Mubarak", mwitikie kwa dua, kisha muulize kama anajua maana ya neno alilolitamka. Akikwambia ni nguo mpya, usimcheke. Mweleze taratibu kuwa ni kurudi, halafu mwende pamoja kwa yule mzee anayeishi peke yake.

Tunamuomba Allah (S.W.) aturudishie Idi nyingi tukiwa katika afya, imani na amani. Awarehemu waliotutangulia, awafariji wanaorudiwa na majonzi, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie siku tutakayorudi Kwake iwe ndiyo Idi yetu iliyo kubwa kuliko zote. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.